Abunuwasi na Mita ya LUKU

Katika nyumba yetu hakuna anayenunua umeme tarehe mosi. Mshahara unaweza kuwa umeingia jana, shati la kazini linasubiri pasi na mtoto ana mtihani kesho, lakini utakaa gizani na wenzako na kujifanya unapenda upepo wa uani. Sababu ni buku jero.

Kwa wasiokaa nyumba za kupanga, nieleze. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo Tanzania Bara hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, ndiyo hiyo buku jero, na ghorofa ina hesabu yake kwa kila sakafu. Inakatwa pale mtu anaponunua umeme kwa mara ya kwanza mwezi huo. Kwa hiyo ukitoa elfu mbili tarehe mosi, unalipia kwanza jengo usilolimiliki hata tofali, halafu VAT, halafu tozo ya REA asilimia 3, halafu tozo ya EWURA asilimia 1, na kinachobaki ndicho umeme: uniti moja na vumbi lake. Meseji inakuja imeandikwa yote hayo kwa utulivu kabisa, kila mwenye haki na fungu lake, pamoja na tarakimu ishirini za kubonyeza kwenye mita. Atakayenunua baada yako hakatwi kodi ya jengo, na atakuja kukupa pole.

Sisi ni vyumba sita, mita moja. Tuliwahi kuchanga, tukaacha, maana kila mchango ulimalizikia kwa mwenyekiti wa mtaa. Sasa tunakwenda kwa zamu: uniti zikiisha, anayefuata ananunua. Ni utaratibu mzuri sana kuanzia tarehe mbili.

Majirani zangu sitawataja majina, tunakutana bombani. Chumba cha mbele yupo Mama Friji, muuza barafu za ubuyu, ambaye ameshatufundisha kwamba friji likigandisha huwa limeshiba, halili tena. Upande wa choo yupo mzee mmoja mlinzi. Yeye hulala mchana na usiku yuko lindoni, kwa hiyo taa yake ni jua na jua halina LUKU. Hilo feni linalozunguka mchana kutwa juu ya kitanda chake anasema ni la kufukuza nzi, si la kupata upepo. Kuna dogo fundi simu, ambaye chumbani kwake zinachajiwa simu za nusu ya mtaa, zimelala sakafuni kama dagaa juani. Dogo anasema simu hainywi umeme, inaonja. Na mimi, mwalimu wa twisheni, hoja yangu ni kwamba elimu ni mwanga na mwanga wangu mimi mwenyewe ninao kichwani. Hoja hii haijawahi kupita, lakini nairudia kila mwezi.

Siku moja nikaona tusiumane wenyewe kwa wenyewe, nikampigia mwenye nyumba.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, Mwalimu. Ile kodi ya miezi sita imeiva?”

“Bado mzee, inatokota. Nilikuwa nauliza hii kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme. Jengo si lako?”

Nikasikia kijiko kinagonga kikombe. Mzee anapenda chai ya kukorogwa sana.

“Mwalimu, mvua ikinyesha inamnyeshea nani?”

“Inalinyeshea paa, mzee.”

“Na paa linamkinga nani?”

“Sisi.”

“Haya. Wasalimie hapo nyumbani.” Akakata simu.

Nilibaki nimeshika simu nikicheka peke yangu, maana mzee alikuwa ameninyang’anya hoja kwa ustadi. Hapo ndipo nikamtambua. Mwenye nyumba wetu ni Abunuwasi, isipokuwa huyu ana hati ya kiwanja.

Abunuwasi tunamjua sote, kwa bibi au kwa kile kitabu chembamba cha hekaya tulichosoma shuleni. Wachache wanajua kwamba jina hilo lilikuwa la mtu kweli: Abu Nuwas, mshairi aliyezaliwa Ahvaz upande wa Uajemi, akavuma Baghdad enzi za Harun al-Rashid na kufariki karibu na mwaka 814. Mashairi yake yalisifu mvinyo kiasi ambacho ustadhi wa mtaani kwetu akiyasikia atafunga madirisha. Watu wakamgeuza kuwa mtu wa visa, visa vikasafiri na wafanyabiashara, na vilipofika pwani yetu vilikuta wenyeji wana Sungura, wakaelewana mara moja. Wote wawili ni waongo na wote wawili tunawapenda.

Tarehe mosi, kwa kuwa hakuna televisheni, watoto wa nyumba nzima hunijia uani niwasimulie. Huanza na kisa cha yule maskini aliyeahidiwa zawadi akikesha ndani ya maji ya baridi. Maskini akakesha, lakini akanyimwa zawadi kwa kuwa aliona moto kwa mbali, basi huo umempasha joto. Abunuwasi akaalika watu karamu. Chakula hakiji, njaa inawauma, wakienda kutazama wanakuta sufuria limening’inizwa juu ya mti na moto unawaka chini, huko mbali. Kama moto wa mbali humpasha mtu, mbona hauivishi wali? Maskini akapewa haki yake. Hapo watoto hushangilia, na mimi hujisikia nimelitumikia taifa.

Kinachofuata ni kile cha sufuria lililozaa. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, analirudisha na kijisufuria ndani: limezaa. Jirani anapokea wote, mama na mtoto, hasemi neno. Safari ya pili Abunuwasi anaazima, harudishi: limekufa. Jirani anapinga, na Abunuwasi anamuuliza, uliyekubali limezaa, kwa nini ukatae limekufa?

Tarehe mosi moja watoto walicheka wote kasoro mmoja, binti wa darasa la nne, aina ya mtoto anayehesabu chenji dukani mbele ya muuzaji.

“Kwani huyo jirani,” akauliza, “alimdhulumu nani?”

Nikasema jirani alikuwa na tamaa.

“Sultani wa hekaya hizi naye ana tamaa. Mbona Sultani hakuibiwa sufuria?”

Nikamwambia akalale, kesho kuna shule. Lakini swali lile ni zito kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Pitia hekaya za Abunuwasi uone. Sultani anaaibishwa, anachekeshwa, anakasirika, anatoa dinari. Sultani haondoki. Kisa kinachofuata kikianza, yupo pale pale kwenye kiti chake, amesahau yote, tayari kudhulumu mwingine. Na Abunuwasi hataki aondoke, maana bila Sultani yeye ni mtu mwongo tu asiye na kazi. Anayepoteza moja kwa moja, sufuria lenyewe, ni jirani.

Nyumbani kwetu jirani huyo yupo. Sijamtaja makusudi. Ni bibi wa vitumbua, chumba cha nyuma. Anaamka saa kumi alfajiri. Jiko lake ni la mkaa na unga ameshauumua jana yake, lakini hawezi kugeuza vitumbua kwenye giza, vikiungua wateja wa asubuhi wanahamia ng’ambo ya barabara. Kwa hiyo kila tarehe mosi inayokwenda mbili, sisi wengine tukiwa tumelala juu ya hoja zetu, anasikika pale kwenye mita akibonyeza tarakimu ishirini moja moja, simu ameishika mdomoni ili tochi imulike. Akikosea anaanza upya. Asubuhi taa zinawaka, friji linaunguruma, feni linafukuza nzi, na sisi tunamwamkia shikamoo bibi kwa heshima kubwa. Tumeikwepa serikali na tumeshindwa na mwenye nyumba, na aliyelipia ni mwanamke mzee anayeuza vitumbua vya mia mia.

Baada ya swali la yule mtoto nikaamua kuacha uabunuwasi na kuwa Karama. Huyu ni yule wa Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert ya mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu uanasheria, katika nchi inayoelea angani ambako wajumbe sita waliotumwa kutafuta maarifa waliporudi walitunukiwa kifungo. Anasimama barazani siku baada ya siku, anajitetea kwa adabu, hoja juu ya hoja, mpaka anashinda. Nikaandika barua. Nikaeleza kwamba kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Nikavaa shati lililopigwa pasi tarehe tatu, nikaenda kwenye ofisi husika.

Tatizo la Karama ni kwamba aliruhusiwa kuzungumza. Mimi nilipewa foleni. Kwenye benchi tulikaa watu wa kila shida, mtandao uko chini, ukipanda unahudumia wawili unashuka tena. Mbele yangu akaja dada mmoja ana mtoto mchanga mwenye kofia ya njano. Tukampisha, ndivyo tulivyolelewa. Baadaye akaja mama mwingine ana mtoto mchanga. Tukampisha. Alipokuja wa tatu, mtoto akanitazama kwa jicho la mtu tunayefahamiana naye, nikaiona kofia: ya njano, imechanika upande wa sikio. Mtoto yule yule! Alikuwa anakodishwa nje kwenye mwembe, na nadhani siku ile alipata huduma kuliko raia yeyote wa wilaya yetu. Benchi zima lilishajua kabla yangu. Mzee wa pembeni akanong’ona, “Wajanja hao, Mwalimu,” na sauti yake ilijaa heshima ambayo barua yangu haikuwahi kuipata.

Zamu yangu ilipofika, kijana wa dirishani aliisoma barua nusu, akairudisha. “Mwalimu, hilo mkae wewe na mwenye nyumba wako, mkubaliane.” Nikamwambia tulishakaa. “Ikawaje?” Nikamweleza habari ya mvua na paa. Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikie.

Niliporudi nikawasomea wenzangu uani barua ile ambayo haikufika mbali. Dogo fundi simu, ambaye kumbe sekondari alisoma fasihi kabla hajahamia kwenye vioo vya simu, akasema kosa langu ni kuchagua kitabu. Angekuwa yeye angemchagua Kinjeketile. Mzee mlinzi, ambaye kwao ni Rufiji, akainua kichwa. Basi jioni ile, kwa mara ya kwanza, nyumba yetu ilibishana jambo lisilo la umeme.

Dogo alikuwa anazungumzia tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, ambamo Kinjeketile anawapa watu maji, watu wanaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji, na yeye mwenyewe anaingiwa na shaka, tena shaka mbaya. Dogo akasema huyo ni tapeli, hana tofauti na anayeuza kioo cha simu feki. Mzee mlinzi akasema mdogo wangu, pamba ya Wajerumani ililimwa kwa viboko, wewe ungewapa watu nini? Mama Friji akauliza kama alijua hayazuii risasi kwa nini hakusema. Hapo ndipo mchezo ule ulipo mtamu na mgumu: mwisho, akiwa kifungoni, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua adui atalitumia neno hilo kuwaambia watoto wa kesho kwamba wazee wao walikosea kupigana. Huwezi kumwita mkweli, na kumwita mwongo kunakwama kooni. Waliokufa katika vita vile vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, na kwa njaa iliyofuata, ni makumi ya maelfu. Mimi mpaka leo sijui ningemweka upande gani, na simwamini mwanafunzi anayemaliza swali hilo kwa ukurasa mmoja.

Mzee mlinzi alisema jambo moja likatunyamazisha wote, hata friji. Alisema yule bwana, kwa uongo au kwa ukweli, aliunganisha watu wa kusini waliokuwa hawapikiki chungu kimoja. Sisi vyumba sita tumeshindwa kuunganishwa na buku jero.

Tukapiga hesabu pale pale. Elfu moja mia tano kwa vyumba sita ni mia mbili hamsini kila chumba kwa mwezi, bei ya vitumbua viwili na nusu. Mama Friji alitoa ya kwake papo hapo, dogo akatoa, mzee mlinzi akasema atatoa akilipwa lindo, na hicho nacho ni kitu. Mimi ndiye mtunza hazina. Bibi wa vitumbua tulimwita tukamwambia kuanzia sasa alale, akatutazama kama watu wanaotaka kumkopa.

Ila mwenye jengo bado hajalipa hata senti, na hilo halijatatuliwa na mchango wetu wala na ujanja wa mtu. Kwa wenye nyumba mnaosoma hapa: 1,500 mara miezi 12 ni shilingi 18,000 kwa mwaka, kwa nyumba nzima. Mpangaji wako akija na kodi ya miezi sita, mwambie akate humo 9,000, hiyo ni kodi yako, alikulipia. Na wewe mpangaji, zile meseji za LUKU usizifute. Kiasi cha kodi ya jengo kimeandikwa humo, mwezi kwa mwezi, na hata mzee anayejua habari zote za mvua na paa atapata taabu kujibu maandishi.