Barua ya Wazi kwa Wenye Viti vya Kudumu

Kwa Waheshimiwa Wanachama Watano wa Kudumu,
Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, New York.

Waheshimiwa,

Sisi wakazi wa Gongo la Mboto, ambao usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka na mabomu yakaruka juu ya mapaa yetu, tulikimbia pekupeku gizani huku wazazi wakipotezana na wana wao, na kwa hiyo si wageni kabisa wa ilimu ya usalama, tumeona ni wajibu kuwashukuru kwa ihsani yenu.

Tumesikia kwamba mmoja wenu, Marekani, aliridhia mwezi Septemba 2024 Afrika ipewe viti viwili vya kudumu, kwa sharti jepesi kwamba visiwe na kura ya turufu. Umoja wa Afrika uliviomba viti hivyo tangu mwaka 2005, katika makubaliano ya Ezulwini, tena pamoja na turufu zake, maadamu turufu yenyewe ingalipo. Na baada ya miaka 19 ya tafakuri, tumejaliwa kiti bila ulimi.

Hofu yenu twaielewa. Turufu yataka mkono wenye mazoea, kama ule wa Marekani uliomkataa Mtanzania mwenzetu Salim Ahmed Salim tena na tena mwaka 1981 asiwe Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, pasi na kutetemeka hata kidogo.

Wala hatulalamiki kwamba mmetusahau. Kikosi cha kupambana na waasi wa Kongo kilipoundwa mwaka 2013, hakuna aliyetilia shaka mazoea yetu. Tanzania ilipeleka vijana wake sambamba na Afrika Kusini na Malawi, na tarehe 7 Desemba 2017, kambi yao ya Semuliki iliposhambuliwa, tukapoteza askari 15. Vifo hivyo, Waheshimiwa, vilikuwa vya kudumu. Lakini aliyekuna nazi, kwa desturi ya nyumba yenu, hana haja ya kuuonja wali.

Ombi letu ni moja. Ikiwa kiti kisicho na turufu ni kizuri kama kinavyosifiwa, tafadhalini mtangulie ninyi kukikalia, walau mwaka mmoja, nasi tutawawekea amana turufu zenu tano hadi mtakaporejea kutusimulia raha yake.

Wenu watiifu,
Wakazi wa Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.