Mwongozo kwa Anayetaka Kuchomelea Chuma Njombe Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba umande huganda juu ya majani ya viazi kule Makete, na Njombe mjini watu hutembea mikono ikiwa kwapani. Ndugu yangu, hakuna msimu bora wa kununua mashine ya kuchomelea na kuanza kujiita fundi.

Pasha mwili wako, chuma kijitegemee. Vaa lile sweta la nailoni la mtumba, na skafu ining'inie mpaka tumboni. Cheche zikilifikia litayeyuka na kukugandia ngozini, na baridi utaisahau papo hapo. Ovaroli nzito ya pamba waachie wazee. Kisha funga milango yote, uwashe jiko la mkaa ndani ya karakana. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu. Waliokutwa nayo asubuhi hawakuwahi kulalamika.

Usianze na geti, maana bomba jembamba husamehe mengi. Dai kile chuma kinene kinachounganisha tela na trekta, kilichokatika na kulala nje usiku kucha. Chuma kinene chenye baridi hunywa joto kwa pupa: mshono unapoa ghafla, na kandokando yake chuma kinakuwa kigumu lakini chepesi kupasuka. Usikifute umande. Maji yakikutana na moto wa kuchomelea huacha haidrojeni ndani ya mshono, nayo ndiyo mama wa nyufa. Vijiti vya kuchomelea vya 7018, ambavyo vikishafunguliwa hutunzwa kwenye oveni ya nyuzi 120 au zaidi, wewe viweke kando ya ndoo ya maji. Waoga hupitisha moto wa gesi juu ya chuma kwanza. Kanuni za Marekani za uchomeleaji wa majengo ya chuma zinataka hata chuma kilicho chini ya nyuzi 0 kipashwe kifike angalau 20. Lakini hao hawana haraka kama yako.

Utasema Njombe si Siberia. Ni kweli. Hata Portland, Marekani, si Siberia, na huko ndiko meli ya mafuta Schenectady ilikopasuka katikati tarehe 16 Januari 1943, ikiwa imefungwa gatini, maji yametulia, hewa ikiwa nyuzi chache tu chini ya sifuri. Chuma chake hakikuivumilia baridi, na mishono yake ilikuwa na kasoro.

Ukiletewa bomba la mabati, usikwangue zinki. Vuta ule moshi mweupe. Jioni utatetemeka na homa itapanda, nawe mwezi wa saba utapata kisingizio tayari: baridi. Kunywa maziwa, kama mafundi wanavyoshauriana. Hayaendi mapafuni, ila ni matamu.

Limebaki suala la fedha. Ufa wa haidrojeni una adabu, haujitokezi mbele ya mteja. Huweza kujificha hata saa 48, na ndiyo maana wakaguzi wa kazi nzito husubiri kabla ya kupima. Wewe paka rangi mshono ungali na joto, kabidhi tela jioni hiyohiyo, pokea taslimu, na mteja akiomba namba ya simu mpe ya shemeji yako.