Utangulizi wa Tamatolojia: Jinsi Riwaya ya Mwisho Inavyofunga Mlango

Mwanafunzi, kaa vizuri, zima simu. Somo la leo limekwepwa na vyuo vikuu vyote ninavyovijua, na hasara iliyoupata ulimwengu haijahesabiwa kwa sababu aliyepaswa kuihesabu ni mtu aliyelisoma. Linaitwa tamatolojia: taaluma ya kuchunguza jinsi kitabu cha mwisho katika mfululizo wa opera ya anga kinavyofunga mlango. Kwa wewe uliyechelewa kuingia, opera ya anga ni riwaya za vyombo, himaya na vita vya baina ya nyota. Humo, safari isiyotoka nje ya sayari moja huhesabiwa kuwa ni matembezi.

Mhakiki wa kawaida huuliza kama mwisho umependeza. Hilo ni swali la msomaji tu. Mtamatolojia huuliza: mlango umefungwaje? Maana mlango huegeshwa, hurudishiwa, hutiwa komeo, hupigwa kufuli, huzibwa kwa matofali. Mama anayemwambia mtoto "rudishia mlango" amekwisha kufanya nusu ya kazi yangu, tena bila marupurupu.

Ugumu uko kwenye njia mbili za mwanzo. Mlango ulioegeshwa una mwanya. Uliorudishiwa umegusa fremu, lakini hauna kinachoushika. Kuzitenganisha nilibuni kipimo kiitwacho kukumita. Mlango wa kwanza kuku huupita kwa kutanguliza kichwa. Wa pili humlazimu asukume kwa kifua. Nililifanya jaribio kwenye mlango wa jiko langu, kwa tetea mmoja mwekundu na punje za mahindi. Matokeo yaliafiki nadharia kila mara, isipokuwa mara moja tetea alipopitia dirishani. Hiyo nimeiondoa kwenye hesabu kwa kuwa haihusu milango. Katika vitabu, kuku ni kisa kifupi kinachopenya baada ya tamati, mbuzi ni riwaya nzima, na ng'ombe ni tamthilia ya televisheni.

Aina ya 1: Tamati-rudishizi. Mwaka 1953 Isaac Asimov alitoa Second Foundation, na kwa karibu miaka 30 mlango ukaonekana una komeo. Mwaka 1982 akaingia mbuzi, Foundation's Edge. 1986 akaingia wa pili, Foundation and Earth. Mwaka 1988 Asimov akatoa Prelude to Foundation, yenye habari za kabla ya kitabu cha kwanza. Mbuzi huyu alipitia mlango wa mbele akatokea uani.

Aina ya 2: Tamati-mauti. Hapa mwandishi hafungi, anafungiwa. Frank Herbert alitoa Chapterhouse: Dune mwaka 1985 akiwaacha wahusika ndani ya chombo kinachotorokea anga lisilojulikana, na Februari 1986 akafariki. Mwanawe Brian, pamoja na Kevin J. Anderson, walifungua tena kwa vitabu viwili, 2006 na 2007. Kama ufunguo wa hadithi nao hurithiwa, hilo si la kwangu. Nenda kwa kadhi.

Aina ya 3: Tamati-pazia. Katika Ancillary Mercy ya Ann Leckie (2015), himaya inaendelea kujipiga yenyewe huku chai ikiendelea kunywewa. Pazia halipimiki kwa kukumita. Tuendelee.

Aina ya 4: Tamati-tofali. Hapa kohoa kwanza, uandike kwa mwandiko unaosomeka. Kielelezo ni Leviathan Falls, kitabu cha 9 na cha mwisho cha The Expanse, kilichotoka Novemba 2021, miaka 10 baada ya cha kwanza. Mtunzi ni James S. A. Corey, ambaye ni watu wawili, Daniel Abraham na Ty Franck, waliojificha chini ya jina moja. Nashuku kuziba kwa matofali huhitaji fundi na saidia fundi, ila sijathubutu kuuliza nani alikoroga zege.

Angalia ukubwa wa jambo. Waandishi wengine wana milango ya mfano. Hawa wana milango yenyewe: zaidi ya 1,300, kila mmoja ukielekea kwenye jua lake. Nahodha James Holden anajidunga protomolekuli, kitu kilichoachwa na viumbe waliojenga milango hiyo, anaingia katika kituo kilicho katikati ya milango, na kuifunga yote huku yeye akibaki ndani. Kabla ya hapo kila mtu huchagua upande wake kama abiria kituo cha basi usiku. Alex Kamal, dereva wa chombo Rocinante, anamfuata mwanawe. Marafiki wa miaka na miaka wanaagana, na ukuta unapanda.

Wapinzani wangu watasema: mbona Machi 2022 kilitoka kisa kifupi, The Sins of Our Fathers? Si kuku huyo amepenya ukutani? Nilipoteza usingizi siku mbili. Jibu: hakupenya. Kisa kinatokea kwenye sayari iliyotengwa na nyingine, kwa hiyo kuku alikuwa upande wa pili tangu matofali yalipopangwa. Tunamwita kuku-mbakizwa. Aidha, sura ya mwisho ya Leviathan Falls inaruka miaka elfu moja na kuleta chombo kinachofika Dunia bila kupitia lango lolote. Waliomo wamezunguka nyumba nzima kwa miguu, na ukuta haukuguswa. Ama ng'ombe, tamthilia yake ilikoma Januari 2022 baada ya misimu 6, vitabu vitatu vya mwisho vikiwa havijaguswa. Hakufika hata kizingitini.

Hukumu: Leviathan Falls ndicho kielelezo safi kuliko vyote ninavyovifahamu, kukumita sifuri. Kwa kipindi kijacho soma Chapterhouse: Dune, na uje na kuku wako mwenyewe. Wangu ameatamia.