Dagaa wa Shangazi Wapanda Ndege

Nauli ya ndege ya bei nafuu ni kama mahari: kiasi kinachotajwa kwanza sicho kitakachotolewa. Unaambiwa bei, unafurahi, unawapigia simu rafiki zako. Kisha ndugu wa bibi harusi wanajitokeza mmoja mmoja. Yupo kodi, yupo tozo ya huduma ya abiria, yupo ada ya usalama, yupo dada mdogo wa kuchagua siti. Wa mwisho ni begi, mjomba mkali aliyekaa kona, ambaye hajasema neno tangu kikao kianze.

Haya tuliyazoea taratibu. Mwishoni mwa 2012 fastjet ilipoanza safari za ndani Tanzania, ilitangaza nauli za kuanzia Sh32,000, kodi kando, na watu waliozoea kuiona ndege kwa kuinua shingo wakaanza kuulizana inaondoka saa ngapi. Shirika hilo lilisimamisha safari zake 2018, lakini sisi tulikwisha kuonja. Basi la Mwanza hadi Dar es Salaam lina zaidi ya kilomita 1,100 za kukung'uta mgongo. Ndege ni kama saa moja na nusu. Shangazi yangu, muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Shirika tulilopanda naye majuzi silitaji, maana bado tunalihitaji.

Kijana wa kaunta alianza vizuri.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Za kazi?”

“Nzuri. Naomba begi lako hapa kwenye mizani.”

Begi la mkononi halikutakiwa kuzidi kilo 7. La Shangazi, lililoshindiliwa dagaa wakavu, lilisoma 9 na ushee. Mwingine angebembeleza. Shangazi, aliyezeekea kwenye mizani, aliinama akaizunguka akitafuta stika ya Wakala wa Vipimo. Aliikuta, na tarehe yake ilikuwa haijapita, jambo lililomsikitisha sana.

“Kwa hiyo zilizozidi nilipie?”

“Ndiyo, mama. Samahani kwa usumbufu.”

Akatajiwa bei. Kuwasafirisha dagaa waliozidi kulikaribia gharama ya kuwanunua. “Kwa hela hiyo, mwanangu,” akasema, “dagaa wakae dirishani.”

Kisha akaigeukia foleni, akachomoa kopo lake la kupimia, akafungua soko. Vijana wenye mabegi ya kompyuta mpakato, ambayo ndani yana chaja na upepo, wakanunua. Mama mmoja aliomba nyongeza, akapewa. Kijana wa kaunta aliyatazama masharti yaliyobandikwa pembeni yake. Yalikataza visu, petroli na mitungi ya gesi. Kuhusu kuuza dagaa kwenye foleni yalikuwa kimya. Begi lilipopimwa tena likasoma 6 na nusu, tukatakiwa safari njema. Naomba msomaji alitazame hili kwa utulivu: ndege iliruka na dagaa wale wale, uzito ule ule. Rubani hakupunguziwa hata gramu moja. Aliyenufaika ni Shangazi, na harufu, ambayo sasa ilipanda ikiwa imegawanywa sawasawa safu zote.

Lakini kabla ya kuruka tulingoja. Simu zetu zililia pamoja: safari imesogezwa mbele “kutokana na sababu za kiutendaji”. Sababu yenyewe si siri. Ndege ya aina hii huingiza hela ikiwa angani tu, hivyo hugeuzwa haraka, ikitua ipewe dakika kama 25 hivi iondoke tena. Abiria mmoja akipotelea chooni Kilimanjaro asubuhi, jioni Mwanza mnamngojea. Tuliombwa radhi kwa Kiswahili sanifu, kisha kwa Kiingereza, kisha tena kwa Kiswahili. Samahani ndicho kitu pekee ambacho mashirika haya hukitoa bila malipo, tena kwa ukarimu. Konda wa basi angetutukana, halafu angetafuta pa kuweka dagaa. Sijaamua bado ni nani kati yao anayenijali zaidi, ingawa nina fununu.

Ndani ya ndege, kwa kuwa hatukulipia kuchagua siti, Shangazi alipangwa safu ya 4 na mimi ya 27. Siti hazilali nyuma. Kutoka siti moja hadi iliyo mbele yake, ndege nyingi za namna hii huacha sentimita 71 hadi 76, na humo umo unene wa kiti chenyewe. Kinachobaki ndicho cha magoti yako. Michael O'Leary, bosi wa Ryanair ya Ireland, mwaka 2009 alisema wanafikiria vyoo vya kulipia ndani ya ndege, Ulaya ikapiga kelele. Sisi tunaolipia choo tangu stendi ya Nyegezi tulishangaa kusikia kwamba wenzetu walikuwa wakijisaidia bure muda wote huo.

Mhudumu akapita na kitoroli: maji ya kununua, soda ya kununua, korosho ambazo bei yake sitaki kuirudia. Alipofika kwa Shangazi na kumuuliza kama angependa chochote, akajibiwa kwa swali: “Wewe mwenyewe umekula?” Hakuwa amekula. Shangazi akafungua mkoba, akatoa matobolwa, akampa vipande viwili, jirani kimoja, na vingine vikaanza safari ya kuja kwangu mkono kwa mkono. Kutoka safu ya 4 vilitoka vingi. Vilivyonifikia safu ya 27 ni viwili, nikashukuru. Hakuna aliyeuliza bei.

Tulipotua Dar na kuwasha simu, ujumbe ulikuwa umetutangulia: kwa kipimo cha 1 hadi 10, unaionaje huduma yetu? Shangazi, ambaye miwani yake ilikuwa chini ya dagaa, akanipa simu nimjazie.

“Wape 7,” akasema. “Zikizidi hapo, walipie.”