Sahani ya Chawa

Kisukuma hakina r. Wazee wetu walipohamia Katavi na ng'ombe wao kutoka Usukumani, walikuja na l peke yake, na sisi watoto tukakulia hapa Mpanda tukisema "kalibu" na "habali". Mtu akiniambia anakwenda kupiga kura, mimi nasikia anakwenda kula. (Kuna miaka ambayo huwa sijakosea.)

Kwa kuwa najijua, nilijitungia dawa: kila neno lenye r au l naliandika kinyume cha lilivyonijia. Kwenye Kiswahili dawa hiyo imenistiri sana.

Kiangazi kimoja shangazi yangu mwenye mgahawa Sitalike, kama kilomita 35 kusini mwa Mpanda, alinipigia simu. Huo ndio msimu wake. Mto Katuma hupungua maji, viboko hubanana madimbwini kama dagaa kwenye gunia, na wageni huja Hifadhi ya Katavi kuwatazama. Lango liko hapo hapo kijijini.

"Wazungu wananipita na njaa zao, baba," alilalamika. "Hawajui kama napika. Wewe umesoma, njoo uniandikie kibao cha Kizungu."

Chakula chenyewe ni wali wa mchele wa Kakese, kwa maharage. Nikachovya brashi. Neno likanijia: "rice". Kwa mara ya kwanza maishani lilinijia likiwa sahihi, lakini dawa ni dawa. Nikaandika kwa herufi kubwa nyekundu: LICE AND BEANS.

Gari la kwanza lilisimama. Wageni wakashuka, wakapiga picha, wakaondoka. La pili hivyo hivyo. Shangazi akasema kibao kina mvuto, tatizo labda ni benchi.

Kwenye la tatu alishuka dereva, Mtanzania mwenzetu.

"Kaka, hawa mnawauza kwa sahani au kwa kilo?"

Nikashangaa. Mchele tangu lini ukawa "hawa"? Lakini mteja habishiwi.

"Kwa sahani."

"Mnawatoa wapi?"

"Kakese," nikasema kwa fahari. "Hakuna wazuri kama wa Kakese."

Akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akafuta machozi. Ndipo akaninong'oneza kwamba "lice" ni chawa. Wale wa kichwani. Maharage, alinifariji, nimeyaandika vizuri.

"Chawa wa nani?" shangazi akauliza, maana siku hizi ukitaja chawa mtu hufikiria kwanza wapambe wanaolipwa kuwasifia wakubwa. Nikamweleza kuwa hawa ni wa kwenye nywele. Hakunijibu. Alininyang'anya brashi, akageuza kibao, akaandika mwenyewe: WALI MAHARAGE. Sasa wageni wanaingia, wanaonyesha sufuria kwa kidole, wanakula, wanalipa.

Nawe ukipita Sitalike na njaa, kalibu sana. Ila usigeuze kibao.