Utambuzi wa Wadudu wa Nyumbani Nyakato, na Madhara Yake kwa Mawifi

Elimu ya kuwatambua wadudu wa nyumbani, ambayo katika vyuo vikuu hufundishwa kwa darubini, katika kata ya Nyakato, Manispaa ya Musoma, huendeshwa zaidi kwa kandambili. Utaratibu wake ni kwamba mdudu hupigwa kwanza, kisha watu wa nyumba huitwa kuyatazama mabaki, na hatimaye jina hutolewa kwa kufuata aliyepaza sauti zaidi; na kwa kuwa mdudu aliyepondwa hana tena umbo la kumtetea, jina analopewa huwa ni la yule ambaye kaya ilikuwa ikimwogopa tangu awali. Matokeo yake ni dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya mdudu mmoja kupuliziwa mwingine, huku yule aliyesababisha hasara akiendelea kula bila kubughudhiwa.

Wengi wa washukiwa katika nyumba za Nyakato ni mbawakawa, yaani wadudu ambao jozi yao ya mbele ya mbawa imegeuka kuwa magamba magumu yanayofunika mgongo na kukutana katikati kwa mstari mmoja ulionyooka. Mstari huo ndio alama ya kwanza ya kutafutwa, na huonekana kwa macho matupu hata kwa mdudu wa milimita 3, mradi awe bado hajakutana na kandambili. Alama ya pili ni namna ya kukua: mbawakawa huanza maisha akiwa buu, yaani kiumbe laini kisichofanana kabisa na mzazi wake, ilhali kunguni, mende na chawa huzaa watoto wanaofanana na wazazi karibu kwa kila kitu isipokuwa ukubwa. Kaya isiyojua jambo hili la pili hujikuta ikipigana na maadui wawili, buu na mbawakawa, kwa dawa mbili zilizolipiwa mara mbili, bila kufahamu kwamba ni mtu na mtoto wake.

Mfano ulio wazi kuliko yote hutoka katika chumba cha kupanga. Mahali ambapo kitanda, jiko, kabati la vyombo na mfuko wa unga wa dona hulazimika kuishi pamoja, unga huwekwa pasipopitiwa na watu, na pasipopitiwa na watu ni uvunguni mwa kitanda. Humo huzaliana mbawakawa mwekundu wa unga, Tribolium castaneum, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4 na rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, ambaye idadi yake inapozidi hutoka kutafuta makazi mapya na kupanda hadi shukani. Sasa, mdudu mdogo mwekundu anayetembea shukani usiku wa manane, kwa mujibu wa elimu ya Nyakato, hawezi kuwa na jina lingine ila kunguni. Na kunguni, kwa mujibu wa elimu hiyo hiyo, hazaliwi katika nyumba yoyote iliyopo duniani bali huletwa na mgeni. Hapo ndipo wifi aliyefika kutoka Bunda kwa siku mbili tu, akiwa na zawadi ya viazi vitamu, hujadiliwa jikoni kwa sauti ya chini. Begi lake hukutwa limetolewa juani kwa kisingizio cha kufagia, godoro huegemezwa ukutani mbele ya wapangaji wote, chaga za kitanda humwagiwa maji ya moto, na unga, ambao ndio chanzo cha kesi nzima, huachwa pale pale uvunguni ili usilowe.

Kunguni wa kweli, ambaye katika nchi za joto mara nyingi ni Cimex hemipterus, hana ule mstari wa mgongoni kwa sababu hana mbawa. Mwili wake ni bapa na wa mviringo, jambo linalomwezesha kujipenyeza katika nyufa za kitanda, na akishafyonza damu huvimba na kurefuka. Akina mama wengi hukiheshimu kipimo cha kumponda na kunusa vidole, lakini kipimo hicho kimewaponza mawifi wengi, kwa kuwa mbawakawa wa unga naye ana tezi zinazotoa kemikali kali za jamii ya kwinoni, zilezile zinazoupa unga ulioshambuliwa sana harufu mbaya na rangi inayokaribia waridi. Ushahidi unaoaminika zaidi ni madoa meusi ya kinyesi cha damu kwenye mishono ya godoro na kwenye maungio ya kitanda, ambayo mbawakawa wa unga hawezi kuyaacha, kwani hanyonyi damu ya mtu na hana haja nayo. Kuwashwa kunakosikika usiku wa tukio hakuhesabiwi kuwa ushahidi. Mbu wapo, na hofu nayo huwasha.

Samaki wana mbawakawa wao, na katika mji ulio kando ya Ziwa Victoria ambamo dagaa wakavu huingia kila nyumba, huyu anastahili kujulikana kwa jina lake kamili, Dermestes maculatus, mdudu mweusi mgongoni na mweupe tumboni, ambaye huweza kufikia milimita 10. Buu lake lina manyoya marefu ya kahawia, hula nyama kavu kwa bidii ya ajabu, na kwa sifa hiyo baadhi ya majumba ya makumbusho duniani humfuga makusudi ili asafishe mifupa ya wanyama kabla haijawekwa kwenye maonyesho. Kazi hiyo hiyo, akiifanya bila kuajiriwa ndani ya kiroba cha dagaa, huacha vichwa na miiba. Kinachowachanganya watu si ulaji wake bali tabia yake ya kwenda kujificha: buu lililokomaa huacha chakula na kutafuta kitu kigumu cha kutoboa, hasa ubao, ili ligeuke kuwa mdudu kamili bila kuliwa na wenzake. Basi mwenye nyumba huona matundu kwenye rafu, humwita seremala, seremala hutamka neno mchwa kwa uso wa majonzi, na rafu mpya hutengenezwa kwa mbao za bei isiyotajwa mbele ya watoto, kisha kiroba kilekile cha dagaa hurudishwa juu yake. Mchwa hutambulikana kwa udongo, kwani husafiri ndani ya vichuguu vyembamba vya tope anavyojenga ukutani na juu ya mbao. Tundu la mviringo lisilo na udongo wowote, likiwa hatua moja kutoka kwenye dagaa, halimhusu.

Yapo pia makosa yasiyochekesha. Dawa ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhifadhia nafaka hunyunyizwa wakati mwingine kwenye dagaa, kwa hoja kwamba mdudu ni mdudu. Dawa hiyo haikupimwa kwa matumizi hayo, haiondoki yote kwa kuosha, na dagaa hawakobolewi. Kukausha vizuri, kutia chumvi na kuhifadhi katika chombo kinachofungika barabara kunatosha kwa nyumba ya kawaida.

Katika mahindi, ambayo familia nyingi za Nyakato huyapata kutoka mashamba ya Butiama na Bunda, utambuzi una thamani ya fedha moja kwa moja. Wadudu wawili hugombea lawama. Fukusi, Sitophilus zeamais, ana pua ndefu iliyochongoka kutoka kichwani, na jike huitumia kutoboa punje, kutaga yai ndani yake na kuziba tundu kwa ute, hivyo kwamba punje inayoonekana safi sokoni huwa tayari ina mpangaji. Dumuzi, Prostephanus truncatus, hana pua hiyo. Kichwa chake kimeinamia chini ya kifua kiasi cha kutoonekana kutoka juu, na sehemu yake ya nyuma ni kama imekatwa kwa panga. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati; katika Tanzania alitambuliwa Tabora mwaka 1981, akasambaa pamoja na biashara ya nafaka, na wakulima wengine wakampa jina la Scania, kwa heshima ya malori. Upotevu uliopimwa miaka hiyo ulifika karibu theluthi moja ya uzito wa mahindi yaliyokaa ghalani kati ya miezi 3 na 6. Alama yake kuu ni vumbi: panapokaa fukusi huonekana matundu, lakini panapokaa dumuzi huonekana unga mwingi, hata mtu asiyejua hudhani mahindi yamesagwa kwa hisani.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua dawa. Viuatilifu vya jamii ya pirimifosi-methili humuua fukusi lakini humpunguza dumuzi kidogo tu, ilhali pemethrini humuua dumuzi na kumwacha fukusi akiwa na nguvu. Ndiyo maana dawa za vumbi zilizosambazwa baada ya dumuzi kuingia zilichanganya zote mbili. Mahindi ya magunzi hushambuliwa na dumuzi zaidi kuliko yaliyopukuchuliwa, kwa hiyo kupukuchua mapema ni nusu ya tiba. Njia ya kuanika kwenye turubai, inayopendwa sana, ina kasoro yake ya kijamii: wadudu wazima hutoka kwa sababu ya joto na kuhamia kwenye turubai la jirani, mayai yaliyomo ndani ya punje hubaki yalipo, na baada ya mwezi majirani wawili hurudishiana wadudu walewale na maneno. Mifuko isiyopitisha hewa hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa wadudu humaliza oksijeni iliyomo na kufa, mradi mahindi yawe yamekauka. Na ukavu hupimwa kwa kutikisa punje pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, ambapo chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado ni mabichi. Maharage nayo yana mbawakawa wake, anayejulikana kwa vidirisha vya mviringo kwenye ganda, na hakuna zaidi la kusema juu yake.

Amebaki mbawakawa mmoja ambaye kandambili na kiganja humfanya awe hatari kuliko alivyo. Nzi wa Nairobi si nzi. Ni mbawakawa mwembamba wa jenasi ya Paederus, mwenye mikanda ya rangi nyeusi na ya chungwa, ambaye huzidi baada ya mvua nyingi na kufuata taa usiku. Hang'ati wala hachomi, bali damu yake ina sumu iitwayo pederini, na sumu hiyo hutoka pale tu anapopondwa kwenye ngozi. Mtu humpiga shingoni na kulala akiwa mshindi, na baada ya siku moja au mbili ngozi huungua na kutoa malengelenge, jambo ambalo mjini hupewa maelezo mengi: amekojolewa na buibui, ana mkanda wa jeshi, au kuna jirani asiyemtakia mema. Anayemwona mdudu huyo mwilini ampulize, kisha aoshe mahali hapo kwa sabuni.

Dhidi ya wadudu wote hao hupita mitaani kijana mwenye kipaza sauti, anayetangaza kwa sauti iliyorekodiwa kwamba dawa yake ni ya kunguni, mende, viroboto, mchwa na panya, bila kuuliza nyumba ina nani. Kabla ya kumwita, mwenye mashaka amnase mdudu akiwa mzima, amtie katika chupa pamoja na kipande cha chakula au ubao alikopatikana, ampeleke kwa afisa ugani wa kata. Na unga uondolewe uvunguni kabla wifi hajafika.