Huruma Haipandi Farasi

Mtoto wa dada yangu hupanda farasi. Si wale wa kupigwa picha ufuoni Mombasa. Huyu huruka viunzi uwanjani, saa ikihesabu, na kila ufito unaoanguka unamtia makosa manne. Kwa kuwa ukoo mzima unajua nina suti, nimetwikwa kazi ya kumtafutia mdhamini.

Jamani, nchi hii ina huruma, lakini si kwa mtu aliye juu ya farasi. Mkimbiaji akiomba viatu, kila mtu anamwelewa. Ana hadithi ya kwenda shule peku, na wadhamini huipenda hadithi hiyo kuliko medali. Sisi tuandike nini? Kwamba farasi wetu alikwenda malishoni peku? Tena huyo huvaa viatu vinne kwa mpigo, na kila baada ya wiki 6 hivi lazima fundi wa kwato aje avitoe, apunguze kwato, apigilie upya. Nilipolifikisha suala hili kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, ambako ukitaja figo watu hutuma pesa kabla hujamaliza sentensi, kimya kilitanda. Kisha shangazi akauliza, kwa adabu zake zote: "Na huyo farasi akiuzwa, hatupati karo ya wale wadogo?"

Si wetu, Shangazi. Ni mstaafu wa mbio za Ngong. Mwenyewe alichoka kumlisha wa mwisho kila Jumapili, akamtoa afundishwe kuruka. Wa aina yake ni wengi Nairobi. Ila ametuachia mnyama pamoja na tumbo lake. Farasi wa kilo 500 hula kilo 10 hivi za nyasi kavu kwa siku, na hunywa lita 30 na zaidi za maji, ilhali bomba la kwangu hukohoa upepo tu. Kuna mshahara wa saisi, kuna chanjo, kuna dawa ya minyoo. Kuna hata mtaalamu wa kumpiga tupa meno kila mwaka. Meno yangu mimi yalionwa na daktari mara ya mwisho enzi za Moi, na hakuna aliyeniitishia kikao.

Basi nikavaa suti. Katika kampuni moja nilipokewa na kijana wa masoko, akaniuliza watazamaji huwa wangapi. Nikamwambia ukweli: wazazi, masaisi, na mbwa. (Sijui kwa nini watu wa farasi hawawezi kutoka nyumbani bila mbwa.) Hakuandika kitu. Akauliza kama binti atakwenda na farasi wake Ulaya, ili nembo yao ionekane huko.

Hapo nikaanza kutokwa na jasho. Farasi wa huku hasafiri kirahisi. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, na punda milia hukaa na virusi vyake bila hata kupiga chafya. Yaani yule yule tunayemtoza mtalii dola ili amtazame, ndiye anayewatia Wazungu hofu ya kupokea farasi wetu. Wenzetu wa Afrika Kusini kwa miaka mingi iliwabidi kuwapitisha farasi wao Mauritius, wakakae karantini kwa miezi kadhaa kisiwani kabla ya kuingia Ulaya. Farasi kakaa Mauritius. Mimi hata Likoni sijavuka.

"Kwa hiyo atakwenda bila farasi?" kijana akauliza. Nikamweleza kwamba FEI, shirikisho la mchezo huu duniani, lina mashindano ambayo kila nchi hupanga viunzi kwa mchoro uleule, kila mtu akarukia kwao, kisha matokeo yakalinganishwa.

"Atawashinda wageni bila wao kumwona?"

"Ndiyo."

"Na bila kuiona nembo yetu?"

Mtoto mwerevu yule. Simpendi.

Walioko juu hawasumbuki hivi. Princess Anne alipokwenda Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, alimpanda farasi wa mama yake, na mama yake alikuwa Malkia wa Uingereza. Jessica Springsteen, aliyepata fedha na timu ya Marekani katika michezo ya Tokyo, ni binti wa Bruce Springsteen. Jennifer Gates naye ameruka viunzi mashindanoni, na baba yake mnamjua. Hao ndio mpinzani wao anatafutiwa pesa na mjomba mwenye suti moja! Na wadhamini wakubwa wa mchezo ni watengeneza saa, Rolex na Longines, watu ambao bidhaa yao moja ningeiuza farasi akala mpaka mvua za masika.

Mpaka sasa aliyekubali ni mwenye duka la vyakula vya mifugo. Anatoa pumba, kwa sharti kwamba jina la duka litokee kwenye kitambaa kilicho chini ya tandiko, pamoja na namba ya simu na maneno "Chakula cha kuku pia kipo". FEI huipima nembo ya mdhamini kwa sentimita za mraba, lakini sijamwambia. Amechukua upande wa kulia. Upande wa kushoto wa farasi bado uko wazi, ndugu msomaji, na pumba tayari tunazo. Sasa tunapokea fedha taslimu.